Hina Isiyoona Moto

Kabla mguu wangu haujaungua, nilikuwa mtoto wa kuota macho wazi. Nyumba yetu ilikuwa Kibokoni, katika Mji wa Kale, ghorofa ya juu. Mchana, wakubwa wakishalala baada ya kula, mimi nililala chali juu ya mkeka nikihesabu boriti za dari. Nikifika kumi na nne zilianza kutembea. Mwanga uliingia kwa mistari kupitia dirisha la mbao, vumbi likaelea ndani yake, nami nikaelea pamoja na vumbi. Bibi, mamake mamangu, alikuwa akisema, "Mtoto huyu mwili u hapa, roho yazurura sokoni Marikiti." Nilikuwa na umri wa miaka saba, na miaka ya tisini ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

Mamangu, Bi Maryamu, kazi yake ilikuwa kutia hina maharusi. Hakutumia koni ya plastiki. Alitumia kijiti cha chelewa, ule uti wa jani la mnazi, alichokichonga mwenyewe, ncha yake nyembamba kama uzi, na maua yaliyotoka pale watu waliyatambua hata barabarani: hili la Bi Maryamu. Maharusi walipokuja kwetu, watoto wote walifukuzwa chumbani isipokuwa mimi, kwa sababu mimi sikutikisika. Niliketi nikautazama mstari ukitembea juu ya ngozi ya mtu, na mara nyingine niliingia ndani ya mstari huo, nikatembea nao, nikapotea kwenye petali.

Hina yangu mwenyewe ilikuja siku ya Idi tu. Duara moja katikati ya kiganja, ncha za vidole, basi. Nikiomba maua, Mama alicheka. "Maua ni ya bibi harusi. Yako yatafika." Hata hivyo, kwa ajili ya duara hilo moja niliweza kukaa saa nzima mkono wazi, bila kukuna pua. Kumbukeni hilo, kwa maana ndilo lililoniponya.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya Alhamisi. Kulikuwa na harusi Bondeni na Mama alikuwa na haraka. Alichemsha majani ya chai, ndimu na karafuu, maji ya kuchanganyia hina, kisha akaitua sufuria sakafuni jikoni ageuke achekeche unga wake wa hina kwa kitambaa. Nami nikaingia. Nilikuwa nautazama mvuke. Ulikuwa ukipanda pole pole mpaka kwenye mwanga wa dirisha, ukajikunja, ukawa ua, na mimi nikalifuata ua hilo uso juu. Pindo la gauni langu likanasa kwenye mkono wa sufuria, nikaanguka, na maji yote yakanimwagikia mguuni.

Kwanza sikusikia moto. Nilisikia baridi, baridi kali, toka katikati ya paja la kulia, nyuma ya goti, hadi shavu la mguu. Kisha nikasikia mtu anapiga ukelele, na ilinichukua muda kujua mtu huyo ni mimi.

Bibi alikuja mbio. "Mtie hina! Maryamu, mtie hina, hina ni baridi, itatoa moto!"

Palikuwa na bakuli la hina iliyochanganywa ikalala tangu jana yake. Mama alichota kwa viganja viwili akanipaka mguu mzima, akaufunika kwa leso safi. Siwalaumu hata kidogo. Kwetu hina ni dawa ya joto. Watu huitia nyayoni jua likizidi, huitia kichwani kikiuma. Nyumba nyingine wangenipaka ute wa yai au dawa ya meno. Sisi tulikuwa nyumba ya hina, basi tulikosea kwa hina.

Siku tatu nililala kitandani. Hina ilikauka, ikapasuka vipande vipande, na kila kipande kikavuta ngozi iliyo chini yake. Malengelenge yalipasuka mumo humo. Majimaji ya manjano yalitoka pembeni yakaganda na shuka. Homa ilipanda, na boriti zangu kumi na nne zikawa ishirini, thelathini, zikashuka chini kunitazama. Nilikuwa nikiongea nazo. Siku ya tatu Baba alirudi adhuhuri kutoka kazini bandarini, akafunua leso, na harufu ikampiga usoni. Hakugomba na mtu. Alisema tu, "Huyu aenda hospitali sasa hivi," akateremka kutafuta teksi.

Daktari alikuwa mwanamke, mpole wa sauti. Aliutazama mguu wangu kwa muda mrefu. "Hii ni nini?"

"Hina," Mama akasema kwa sauti ndogo.

"Siwezi kukiona kidonda. Ngozi nzima na iliyokufa zote zimekuwa rangi moja. Lazima tuitoe yote kwanza."

Mama alitolewa nje, mlango ukafungwa. Nililazwa chali. Wauguzi wa nguo nyeupe wakanizunguka: mmoja alishika mabega, mmoja mikono, wawili miguu, na wa tano akaanza kusugua. Nilitazama juu nitafute boriti. Hakukuwa na boriti. Dari lilikuwa jeupe, bapa, halina kitu cha kuhesabu. Niliita "Mama! Mama!" na nilijua yuko nyuma ya mlango, na hakuja. Miaka mingi baadaye ndipo aliponiambia kuwa aliziba masikio kwa buibui lake, kwa kuwa walimwambia akiingia nitalia zaidi.

Walikuwa watu wazuri. Walikuwa na wagonjwa wengi na saa chache, na waliamini jambo la haraka ndilo la huruma. Lakini mtoto hajui hesabu hiyo. Mtoto ajua tu kwamba watu wazima watano wamemshika na mamake hayupo.

Nilipotolewa wodini nilitakiwa kurudi kila baada ya siku moja kubadilishwa bandeji. Na hapo Mama alifanya kosa la pili, na hili pia alilifanya kwa mapenzi. Asubuhi ya kwanza alinijia akitabasamu.

"Vaa, mwanangu. Twaenda Mama Ngina."

Nani asiyependa kwenda Mama Ngina? Upepo, watu wamejipanga ukutani wakitazama bahari, mihogo ya kuchoma iliyochanjwa katikati ikatiwa ndimu na pilipili. Nilivaa viatu vya Idi. Mama alinibeba mpaka chini, tukaingia teksi, na teksi ikakata upande wa Bondeni. Nilikuwa mtoto, lakini mtoto wa Kibokoni. Najua bahari iko upande gani.

"Mama, kwenda Mama Ngina si huku."

"Twampitia shangazi yako kwanza."

Tukaupita mlango wa shangazi. Hatukusimama. Nikaona lango la hospitali.

Mara ya pili ilikuwa vivyo hivyo. Mara ya tatu, nilipoona tu ameshika viatu vyangu vya Idi, nilianza kutetemeka meno. Bibi alimwambia, "Njia ya mwongo ni fupi, Maryamu," lakini Mama hakuwa na njia nyingine. Kila aliponidanganya nilishuka ngazi bila kulia, na kwake ngazi zile tu zilikuwa faraja. Siku moja aliniletea mihogo ya kweli, moto moto, ndani ya gazeti, na wala haikuwa siku ya hospitali. Niliitupa ukutani. Ndimu ikachuruzika kwenye chokaa nyeupe. Mama aliipangusa kwa kitambaa, na mimi nilifurahi kumwona anaumia. Nasema kweli, nilifurahi.

Baadaye nikawa naingia chini ya kitanda. Nilijikunja kule gizani, goti la kulia limegusa kifua, kwa sababu likikunjwa halikuuma sana kama likinyooshwa. Nilishika mguu wa kitanda kwa mikono miwili. Wakinivuta nilining'inia hapo, na Mama aliogopa kunivuta sana asije akaudhuru mguu. Tukakosa siku moja, kisha ya pili, kisha juma zima. Kule chini nilikuwa na dunia yangu. Nilichora maua vumbini kwa kidole, nikatembea ndani yake, na katika maua yale hakuna mtu aliyekuwa na nguo nyeupe.

Waliponifikisha tena, daktari alijaribu kuninyoosha goti. Halikunyooka. Alimtazama Mama. "Ngozi mpya imeanza kukaza hapa nyuma. Ikishakaza, mtoto huyu atatembea amekunja mguu maisha yake yote. Kidonda kisafishwe, mguu unyooshwe, bila kukosa. Mama, hatuna muda mwingi."

Wakubwa hudhani mtoto anayelia hasikii. Nilisikia yote. Niliwaza nikitembea kama kaa, upande upande, mpaka uzeeni, na bado nikaona afadhali kuwa kaa kuliko chumba kile.

Siku hiyo chumba cha kufunga vidonda kilikuwa na mtu mpya. Mwanamume mrefu, mtu wa Kaloleni, jina lake Kazungu. Watu walimwita daktari naye aliwarekebisha, "Mimi mfunga vidonda tu." Aliwaambia wale wa kunishika wakapumzike, akafunga mlango, akaketi sakafuni. Mtu mzima, sakafuni! Magoti yake yalifika masikioni.

"Rukia, mimi ni Kazungu. Leo sikugusi."

Sikumwamini. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini mikono yake aliiweka juu ya magoti, na pale ikakaa.

Akamgeukia Mama. "Mama Rukia, mkija huku mwamwambia waenda wapi?"

Mama aliinamisha kichwa. "Namwambia twaenda Mama Ngina."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. "Basi haogopi kidonda peke yake. Aogopa kila aambiwapo vaa. Mwambieni kweli. Alie nyumbani kama ni kulia, lakini ajue aendako. Na dawa ya maumivu anywe kabla, siyo baada. Na hapa hatalala chali tena. Atapakatwa na mamake." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe ukisema basi, naacha. Mpaka useme haya, ndipo niendelee. Ila kuna kitu nataka unisaidie. Nyumbani, ni jambo gani hukufanya utulie kabisa, hata usisikie watu wakikuita?"

Hilo swali hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilifikiri boriti, lakini boriti hazikuwamo mle. Nilifikiri vumbi na mwanga.

"Hina," nikasema.

Mama aliruka kana kwamba amechomwa yeye. "La! Mie sitii hina tena."

Na kweli hakuwa akitia. Tangu nilipolazwa alikuwa amewarudisha maharusi wote, amekivunja kijiti cha chelewa, na unga wake ameumwaga. Mimi sikujua. Nilidhani nyumba imekuwa kimya kwa sababu yangu.

"Hina ndiyo iliyomfanyia mwanangu haya," akasema.

"Siyo hina, mama," Kazungu akasema pole pole. "Ni mahali ilipotiwa. Kiganjani haina neno, ikae mbali na kidonda tu. Nawapa siku mbili. Zaidi ya hapo goti halitatungoja."

Siku ya pili, asubuhi, nilikuwa tayari chini ya kitanda. Niliona miguu ya Mama ikiingia. Hakuja na viatu vyangu vya Idi. Alichuchumaa, kisha akalala ubavu sakafuni mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Rukia. Leo twaenda hospitali."

Nikangoja maneno mengine. Nikangoja mihogo, nikangoja shangazi. Hayakuja.

"Kutauma?" nikauliza.

Niliona midomo yake ikianza kusema la. Nayajua maandalizi ya la ya Mama, kope zake huinuka. Kisha zikashuka.

"Kutauma, mwanangu. Mie nitakuwako."

Akalia. Nikalia. Kisha nikauachia mguu wa kitanda nikatoka kwa kutambaa, mwenyewe. Kidonda kilikuwa kile kile na hospitali ile ile. Ila kwa mara ya kwanza nilijua ninakokwenda.

Kule, Kazungu alinipa dawa ya maji, tukangoja nusu saa dirishani. Alinionyesha bakuli la maji ya vuguvugu yenye chumvi, akaniacha nichovye kidole. Nguo ya bandeji ilipolowa vizuri aliniambia niifungue mwenyewe mpaka pale nitakapochoka. Nilikuwa nimeketi mapajani mwa Mama, mgongo wangu kifuani mwake, mguu umenyooshwa kadiri ulivyokubali juu ya kigoda. Kisha Mama akakunjua kitambaa, ndani mna kikombe kidogo na kijiti kipya cha chelewa.

Mwili wangu wote ulikauka. Harufu. Nilirudi jikoni, nikaona mvuke.

"Nusa vizuri," Mama akaniambia sikioni. "Haina chai, haina karafuu. Nimeichanganya kwa maji ya mtungi. Hina hii haijaona moto."

Nikanusa. Ilinuka majani na udongo wa mvua. Nikampa mkono wa kushoto.

"Twatoka nyumbani," akaanza, na kijiti kikagusa katikati ya kiganja. "Huu mlango wetu. Na hii misumari yake, moja, mbili, tatu. Huyu ni nani yuko barazani?"

"Bibi."

"Haya, mwamkie Bibi. Sasa twakata wapi kwenda Mama Ngina?"

Ubaridi wa hina ulitambaa kwenye ngozi, mwembamba, wa taratibu. Nikaingia ndani ya mstari kama zamani. Ukuta wa jirani ulikuwa jani, pipa la maji lilikuwa ua, na paka wa muuza kahawa alikuwa nukta mbili na mkia. Kule chini mguuni Kazungu alikuwa kazini na maumivu yalikuwapo, sitawadanganya. Lakini yalikuwa kama mtu anayegonga mlango wa jirani: wamsikia, wajua yuko, ila si wewe wa kumfungulia.

Mara moja maumivu yaligonga mlango wangu. Shashi, kile kitambaa chepesi cha kufunikia kidonda, ilikuwa imeshika kwenye nyama nyuma ya goti. "Basi!" nikapiga kelele.

Kazungu aliinua mikono juu, yote miwili. Akaacha. Nilimtazama nione kama atagusa kwa kuiba. Hakuiba. Mikono ilikaa juu mpaka nilipohesabu kumi, na Mama naye kijiti chake kimesimama hewani, kinatungoja. Nilikuwa na umri wa miaka saba na watu wazima wawili wananingoja mimi.

"Haya," nikasema.

Alipomaliza, hatukuwa tumefika mbali. Mstari ulikuwa umeishia chini ya kidole cha shahada, karibu na Ngome, lile boma la kale. Mkono haukuwa umetikisika. Nilipotolewa nje nilikuwa nimelowa jasho, pua inanitoka makamasi, na nimekishika kiganja mbele yangu kana kwamba kina maji.

Rangi ilitoka hafifu, ya chungwa tu, maana hina ya maji baridi haina nguvu. Bibi alikitazama kiganja changu jioni ile. "Kwani kesho waolewa weye, maua yote haya?" Halafu alikishika akakibusu, akakaa nacho usoni mwake. "Ni mie niliyesema utiwe hina, mjukuu wangu. Nisamehe." Nilimwambia asilie, atanifutia barabara yangu ya kiganjani.

Tukaendelea hivyo wiki nyingi. Kila ziara tulitoka mlangoni upya na kila ziara tulifika mbele kidogo. Tulizunguka Ngome. Tukapita chini ya miti. Tukaingia Kizingo kwenye nyumba zenye bustani, na hapo Mama alichora maua ya kweli kweli, ya bibi harusi, kwa sababu alisema Kizingo bila maua si Kizingo. Nikimaliza kufungwa kidonda, Kazungu aliweka kiganja chake kwenye unyayo wangu akasema, "Nisukume nianguke." Nilisukuma. Hakuanguka. Nikasukuma tena kesho kutwa yake. Siku goti liliponyooka mpaka mwisho alijiangusha chini kwa kishindo, mlango ukafunguliwa, watu wakauliza kuna nini.

Zilikuwako siku mbaya. Siku moja kidonda kilitoka damu nami nikaruka, mkono ukapiga kikombe, barabara yote ikavurugika mpaka kwenye kifundo. Nilingoja Mama akasirike. Alilitazama baka lile kubwa, akachovya kijiti. "Hapa mvua imenyesha," akasema, akaanza kuchora watu wanaokimbia na miavuli.

Jambo moja lilinikera. Hatukufika. Kila mara Kazungu alimaliza tukiwa Kizingo, na bahari haijaonekana.

"Mbona hatufiki Mama Ngina?"

"Pale hatutafika kwa hina," Mama akasema. "Tutafika kwa miguu."

Leo mimi ni mtu mzima na nina watoto wangu. Mguu wangu wa kulia umenyooka. Nyuma ya goti ngozi ni ya makunyanzi, inawasha kukiwa na jua kali, na nimeolewa nayo hivyo hivyo na hakuna aliyekimbia. Mama alirudia kazi yake. Kwa miezi michache aliwatia maharusi wote hina ya maji baridi, wakalalamika rangi haikolei, ikabidi aichemshe chai kama zamani. Ila sufuria yake haikukanyaga sakafu tena, na mtu akiingia jikoni huku akitazama juu, aliitwa jina mara tatu.

Namshukuru Mungu, kisha namshukuru Kazungu, ambaye sijui alihamishiwa wapi. Nawashukuru hata wale watano wa siku ya kwanza, maana bila wao homa ingenichukua.

Kwenu mlio na watoto, sina mengi. Mtoto akiungua, mmwagilieni maji safi ya bomba, mengi, kwa muda mrefu, mumkimbize kwa daktari. Msimpake kitu chochote, wala hina. Ile piko nyeusi ya madukani, rangi ya kemikali, msimtie mtoto popote, hiyo yachoma hata ngozi nzima. Ulizeni dawa ya maumivu kabla ya kazi kuanza, msione haya. Ombeni mumpakate. Mkiambiwa mtoke nje, ulizeni kwa adabu, "Je, nikikaa?" Mtafuteni kile kitu kinachomtuliza, kwani kila mtoto anacho, hata kama ni kuhesabu vifungo vya shati lako. Na akikuuliza kama kutauma, usimwambie hakuumi. Atakuja kujua baada ya dakika mbili, na kisha utamwambia nini tena akakuamini?

Hayo ndiyo niliyotaka kuwaambia. Lakini nimeruka siku ya mwisho.

Siku ya mwisho Mama alinijia asubuhi akachuchumaa mbele yangu. Alikuwa na viatu vya Idi mkononi. Vilikuwa vimeanza kunibana.

"Leo twaenda hospitali," akasema. "Kisha twaenda Mama Ngina."

Nikazitazama kope zake. Zilikuwa zimetulia.

Kazungu alifungua bandeji akaitupa, hakufunga nyingine. Ngozi ilikuwa ya waridi, inang'aa, ngeni. Alinisalimia kwa mkono kama mtu mzima. Alasiri teksi ilituteremsha Ngomeni, na kutoka hapo tulitembea, pole pole, mimi nikipumzika kila penye kivuli. Nilikuwa nimefungua kiganja cha kushoto nikilinganisha. Ngome ilikuwa mahali pake. Miti ilikuwa mahali pake. Kizingo maua yalikuwa machache kuliko ya Mama, nikamwambia, akacheka. Mstari uliishia kwenye kifundo cha mkono, nasi tukaendelea, na mbele yetu bahari ikafunguka yote kwa mara moja, pana, nyeupe kwa jua, haina mwisho wowote niliouona.

Tulikaa ukutani. Mama alinunua mihogo. Nilikula wa kwanza wote, ndimu ikaniingia kwenye mpasuko wa mdomo, pilipili ikanitoa machozi, nikaomba wa pili. Upepo ulipita nyuma ya goti langu mahali ambapo hapakuwa pameona upepo kwa miezi. Nilifumba macho nikaelea.

Nilipofumbua, Mama alikuwa amesimama, anakung'uta buibui lake.

"Haya, Rukia. Twende."

"Wapi?"

"Nyumbani."

Nikampa mkono, tukaenda.